Nilivyopima jeni ya STAT4 kwa wagonjwa wa lupasi

Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Wengi wanaotafuta jeni zake huanza na jeni ya PTPN22 kwa sababu inatajwa mno Ulaya. Mimi niliiacha. Herufi T ya rs2476601, yaani namba ya mahali kwenye jeni hiyo ambapo herufi ya DNA hutofautiana kati ya watu, ni adimu sana kwa watu wa asili ya Kiafrika, na huwezi kulinganisha kitu ambacho karibu hakuna anayekibeba. Nikachukua rs7574865 ya STAT4, kromosomu ya 2, ambapo mtu hurithi G au T, na T ndiyo inayoongeza hatari. Protini ya jeni hii hupokea ujumbe wa interferoni, kemikali za kinga ya mwili, ujumbe ambao kwenye lupasi huwa umepamba moto.

Damu ni mililita 3, chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande) yenye kifuniko cha zambarau. Usikubali ya kijani: ina heparini, nayo huzima PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi kwenye mashine), ukabaki kuilaumu DNA bure. DNA niliizimua yote ifike nanogramu 10 kwa mikrolita. Kila kisima, yaani kishimo kidogo cha sahani ya kupimia, kilikuwa na mikrolita 10: mchanganyiko wa PCR 5, probu za rangi mbili (vipande vya DNA vinavyong'aa, rangi moja kwa G na nyingine kwa T) 0.5, maji 2.5, DNA 2. Joto nyuzi 95 kwa dakika 10, halafu mizunguko 40 ya nyuzi 95 sekunde 15 na nyuzi 60 dakika 1. Visima viwili niliviachia maji matupu. Vikiwaka, kuna uchafu.

Changanya wagonjwa na wenye afya katika sahani moja. Ukiwatenga, kasoro ya sahani itajifanya ugonjwa.

Kisha kagua kundi la wenye afya kwa kanuni ya Hardy-Weinberg, inayokadiria GG, GT na TT ziwe ngapi kutokana na wingi wa G na T, kabla ya kulinganisha chochote. Tuseme watu 100 wametoa GG 70, GT 20, TT 10. G ni 0.8, kwa hiyo ulitarajia 64, 32 na 4. Kai-mraba, kipimo cha tofauti kati ya ulichopata na ulichotarajia, inafika 14, wakati mpaka wa kutilia shaka ni 3.84. GT zimepungua: mara nyingi DNA ilikuwa haba, herufi moja ikapotea, GT ikasomeka GG au TT. Hapo nilirudia sampuli zilizochelewa kuwaka. Ukichanganya makabila yenye asili za mbali, GT hupungua vilevile, basi uliza asili ya wazazi wa pande zote mbili tangu siku ya kutoa damu.

Mshiriki akiuliza majibu yake, mimi humwambia wazi: wenye T wengi hawaugui kamwe, na wagonjwa wengi hawana T.