Roboti ya kukata nyasi iligoma kutoka, nilivyoitatua

Jamani huku Entebbe mvua ya Aprili ni nzito, na roboti yetu ikawa haitoki kwenye chaja hata jua likiwaka, nyasi yetu ya paspalamu ikapanda mpaka tukaanza kuogopa nyoka. Siku mbili nahangaika na programu ya simu, bure. Kumbe ni sensa ya mvua, yaani kihisi cha mvua, vile vichuma viwili vya juu ya roboti, maji yakiviunganisha umeme unapita na roboti inajua mvua inanyesha, sasa vyangu vilijaa matope yasiyokauka. Nikaizima, nikavisugua kwa mswaki mkavu. Kwa vile nyasi zilisharefuka, visu nikavipandisha kwanza ndo nikashusha kidogokidogo, na ratiba nikaihamisha toka asubuhi yenye umande mpaka saa tisa mchana. Sasa inatoka yenyewe, nimefurahi kweli.