Nyumba ilikuwepo, watu ndio walifungiwa

Meseji ya kwanza niliyomwandikia mwenye nyumba wa Matema, wilayani Kyela kando ya Ziwa Nyasa, bado ninayo. Niliinakili kwenye daftari kabla sijabadilisha simu, na nashukuru nilifanya hivyo. Inasema: "Shikamoo baba. Mimi ni yule mwalimu wa Iringa. Tunaomba nyumba kuanzia tarehe 9 mpaka 14 mwezi wa nne. Mama yetu anatimiza miaka 70 tarehe 11, na watoto wake wanakuja, mmoja kutoka Nairobi, mwingine Dubai. Tutakuwa watu tisa." Akajibu: "Marahaba mwanangu. Nyumba ipo. Karibuni sana."

Hiyo ilikuwa Januari 2020. Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu aliniomba ushauri kabla ya kulipia nyumba ya mapumziko ya mwisho wa mwaka, nikajikuta namsimulia kisa hiki kwa saa nzima. Nimeona afadhali nikiandike.

Mama yetu ni wa Tukuyu, lakini utotoni alipelekwa Matema kwa shangazi yake, na mpaka leo akisema "ziwani" anamaanisha pale tu, pale Milima ya Livingstone inaposhuka mpaka majini na Wakisi wa Ikombe wanaleta vyungu kwa mitumbwi. Sisi watoto wake watatu hatukuwahi kukaa naye huko pamoja. Kaka yuko Nairobi miaka mingi. Mdogo wetu yuko Dubai. Mimi niko Iringa, Kihesa, nafundisha masomo ya biashara sekondari. Tulijua fika kwamba Aprili ni masika na masika ya Kyela si ya mchezo, ila siku ya kuzaliwa haihamishwi.

Nyumba ilikuwa shilingi 120,000 kwa usiku, siku tano, jumla 600,000. Nikatuma kishika uchumba cha 300,000 Januari, na mwanzoni mwa Machi nikaongeza 150,000. Iliyobaki tungelipa tukifika. Hatukuandikiana mkataba. Tulikuwa na meseji, na neno la mzee ambaye sauti yake kwenye simu ilinikumbusha baba yangu marehemu.

Machi 16 akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu akafunga shule. Nilibaki nyumbani na madaftari ya kidato cha tatu ambayo sikujua nitayarudisha lini, lakini bado nilikuwa na matumaini ya Pasaka. Kisha ndani ya siku tatu kila kitu kikafungwa kutoka upande ambao sikuutazamia. Kuanzia Machi 23, anayeingia Tanzania kutoka nchi zilizoathirika akae karantini siku 14 kwa gharama zake. Machi 25 Dubai wakasimamisha ndege za abiria. Siku hiyohiyo Kenya nao wakasimamisha safari za ndege za kimataifa, na Aprili 6 jiji la Nairobi likafungwa, hakuna kutoka wala kuingia.

Sasa tazama. Hakuna hata amri moja kati ya hizo iliyogusa barabara ya Iringa kwenda Matema. Tanzania haikufunga mikoa. Mabasi yalikuwa yanapita Ipogolo, hapa Iringa, kama kawaida. Hapo ndipo ugumu wote ulipolala, na sikuuona mpaka nilipopiga simu.

Nilipiga Machi 24, siku 16 kabla ya tarehe yetu. Nikamsalimia, nikamweleza, nikamwomba arudishe pesa. Alinyamaza kidogo, akasema taratibu: "Mwanangu, nyumba ipo. Njia ziko wazi. Mimi sijakuzuia."

Sikuwa na la kujibu, kwa kuwa alichosema kilikuwa kweli. Nilikata simu nikiwa na hasira, na hasira ile ilinichukua siku mbili kuisha. Laki nne na nusu kwa mwalimu si pesa ya kuachia tu. Zaidi ya hapo, 200,000 kati yake ilikuwa ya mdogo wangu, aliyeitoa jasho kwenye nyumba za watu.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mdogo wangu huyohuyo alikuwa amepanga kupumzika Zanzibar siku tatu, kuanzia Aprili 5, kabla ya kuja kwetu. Chumba alikichukua Februari kupitia Airbnb, kampuni ya mtandaoni ya kukodisha nyumba na vyumba vya wageni. Machi 14 kampuni ile ilitangaza kwamba aliyeweka nafasi kabla ya siku hiyo au siku hiyo yenyewe, na anatakiwa kuingia kati ya Machi 14 na Aprili 14, anaweza kufuta na kurudishiwa pesa yote. Akabonyeza simu, pesa zikarudi kwenye kadi. Akaniuliza, bila ubaya wowote: "Dada, wewe kwa nini hukupitia huko?" Niliona kwamba kumlipa mzee moja kwa moja ni uungwana, faida yote inabaki Kyela. Bado naona hivyo. Ila nilikuwa sijafikiria kwamba nikimlipa moja kwa moja, hakuna wa katikati wa kunitetea mambo yakiharibika.

Baadaye nikasoma upande wa pili wa habari ile. Pesa alizorudishiwa mdogo wangu zilitoka kwa mwenye chumba wa Zanzibar, ambaye masharti yake ya awali yangemruhusu kubaki na sehemu. Wenye nyumba dunia nzima walilalamika sana, mpaka Machi 30 kampuni ikasema itatenga dola milioni 250 kuwalipa asilimia 25 ya kile ambacho wangepata kwa masharti yao ya kufuta. Robo tu. Kwa hiyo kule Zanzibar palikuwa na mzee wa Matema mwingine, ila yeye hakupigiwa simu wala kuombwa. Jambo hilo lilinipunguza ukali.

Nina binamu wakili, yuko Mbeya, mtaa wa Soweto. Nikamweleza nikitegemea atasema nimedhulumiwa. Akaniuliza maswali kama nusu saa. Kisha akanisomea Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 56 kinasema mkataba unaohusu jambo ambalo baadaye limekuwa haliwezekani, unakuwa batili pale linaposhindikana. Cha 65 kinasema mkataba ukishakuwa batili, aliyepokea faida chini yake airudishe au afidie. Nikashangilia. Akaniambia tulia. Kilichoshindikana ni nini? Nyumba iko palepale. Wewe na mama yako mnaweza kwenda hata kesho.

Ndipo akanipa kisa cha Uingereza ambacho nimekifundisha kila mwaka tangu siku ile. Mwaka 1902 mfalme Edward VII alikuwa atawazwe, na maandamano yangepita mtaa wa Pall Mall, London. Bwana mmoja aitwaye Henry akakodi vyumba vya Krell vinavyotazama barabara ile kwa siku mbili, kwa pauni 75, akatanguliza 25. Mfalme akaugua kidole tumbo, sherehe ikaahirishwa. Krell akadai pauni 50 zilizobaki, hoja yake ileile ya mzee wangu: vyumba vipo, mlango uko wazi. Mwaka 1903 mahakama ya rufaa ikasema hapana. Pande zote mbili zilijua vyumba vilikodiwa kwa ajili ya kutazama maandamano, na maandamano yalipokosekana, msingi wa mkataba ulikosekana. Henry hakulipa zile 50.

"Na zile 25 alizotanguliza?" nikauliza.

"Alizidai mwanzoni, baadaye akaacha kuzidai. Hazikurudi."

Binamu akasema sheria yetu, kwa kifungu kile cha 65, ingekuwa laini zaidi kwangu kuliko ya Henry, mradi nithibitishe mambo mawili: kwamba mzee alijua tangu mwanzo tunakuja kwa sababu gani na nani anatoka wapi, na kwamba bila hao safari haikuwa na maana. Jambo la kwanza lilikuwa kwenye daftari langu, kwa maandishi yangu na jibu lake: Nairobi, Dubai, miaka 70, watu tisa. La pili hakimu angeweza kuliona au asilione. "Na hata ukishinda," akasema, "utakuwa umemshtaki mzee wa watu kwa laki nne na nusu katika mwaka ambao hatapata mgeni mwingine. Ongea naye tena. Lakini safari hii usiombe pesa yote."

Nilikaa na ushauri ule usiku mzima. Asubuhi nikaketi mezani na karatasi, kama ninavyowafundisha wanafunzi kufunga hesabu. Nikaandika alichokwisha kutumia kwa ajili yetu. Alikuwa ameniambia Februari kwamba amenunua magodoro mawili mapya ili watu tisa watoshe, na amemlipa kijana wa kufyeka njia ya kushukia majini. Nikaona ni haki abaki na 60,000. Inayobaki 390,000.

Nilimpigia saa mbili usiku, muda ambao mtu ameshakula. Safari hii nilianza kwa kumuuliza hali yake. Akasema wageni wote wa Pasaka wamefuta, Wazungu waliokuwa wakija na magari kutoka Mbeya hawapo, na pesa yangu haipo mkononi, imeshaingia kwenye magodoro na bati la jikoni. Aliposema hivyo nilielewa kwamba lile neno "nyumba ipo" lilikuwa la mtu aliyebanwa. Nikamwambia: baba, baki na 60,000 ya maandalizi, iliyobaki nirudishie kidogokidogo, hata ikichukua miezi. Akakaa kimya, nikasikia mvua inapiga bati upande wake. Akasema, "Hapo umeongea, mwanangu. Mpunga ukitoka tutazungumza."

Nilimwomba ruhusa nimwandikie makubaliano kwa meseji, naye ajibu "nimekubali." Akajibu hivyo, akaongeza "ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Aprili 11 tulikuwa Tukuyu, mimi, watoto wangu na mama, tukala ndizi na nyama huku kaka na mdogo wetu wakiimba kwenye simu, sauti zikikatika. Mama alilia. Sina zaidi la kusema kuhusu siku ile.

Mei mwishoni mzee akatuma 150,000. Julai akanipigia akauliza kama ninakula mchele. Nikacheka, nikasema mtu wa Tukuyu aulizwe kama anakula mchele wa Kyela? Akapakia kilo 50 kwenye basi la Dar es Salaam, tukazihesabu 90,000. Niliusubiri Ipogolo saa saba mchana, konda akaushusha mfuko wenye jina langu kwa makapeni nyeusi, "MWL IRINGA", na harufu yake ilijaa kwenye bajaji njia nzima ya kupanda mjini. Agosti ikaja 100,000. Oktoba ikaja 50,000 ya mwisho, na juu yake ametuma ya kutolea. Sikuwa nimemwomba ya kutolea.

Mwalimu mwenzangu alinisikiliza, akaniuliza basi afanye nini na nyumba yake. Nilimwambia asihangaike na mkataba wa kurasa nyingi ambao mwenye nyumba atauogopa. Atume meseji moja kabla ya kishika uchumba, aombe ijibiwe. Yangu siku hizi inasomeka hivi: "Tunakuja watu kadhaa, kwa sababu hii, wanatoka sehemu hizi. Ikitokea amri ya serikali yoyote, ya hapa au ya wanakotoka wageni, ikawazuia kufika, tutakujulisha mara moja. Utabaki na gharama za maandalizi, iliyobaki tutakubaliana urudishe lini au tuhamishe tarehe." Maneno niliyoyakosa mimi ni hayo ya katikati: ya hapa au ya wanakotoka wageni. Kila mtu hufikiria barabara ya kwenda kwenye nyumba. Hakuna anayefikiria uwanja wa ndege ambao mdogo wake anatokea.

Na asitume zaidi ya nusu mapema. Ile 150,000 ya Machi niliituma kwa furaha tu, hakuna aliyeidai.

Desemba 2022 tulifika Matema sote, na mama, kwenye nyumba ileile. Ziwa lilikuwa limetulia, mama akavua viatu kabla hata mizigo haijashushwa. Jioni mzee akaniita kibarazani, akatoa daftari la kaunta lenye jalada lililolowa pembeni. Ukurasa wa 2020 ulikuwa na jina moja tu, "Mwl. wa Iringa", na chini yake 390, 240, 150, 50, kila namba imepigwa mstari kwa rula. Pembeni ya 150 alikuwa ameandika "mchele". Alitaka niione, kisha akalifunga, akaniuliza kama mama anakula samaki mbasa wa kukaanga au wa kuchoma.