Kikao cha kupanga masomo ya R, na dada aliyekuja na faili lake

Hii ilikuwa 2021. Kundi letu la utafiti lilikuwa limepewa kazi ya kuandaa mafunzo kwa watu wanaotumia R, ile lugha ya programu ya takwimu, kuchambua data zao, na sio waprogramu hawa, ni watu wa baiolojia, wa udongo, wa afya, wana vipimo vyao kwenye Excel na wanachotaka ni majibu. Kikao cha kwanza kikaanza kwa moto kweli. Profesa wetu alikuja na orodha ya fanksheni (amri) zote za pakeji yetu, yaani kifurushi cha nyongeza cha R tulichotengeneza wenyewe, kila fanksheni na sura yake, akasema tugawane sura kila mtu akaandike. Kaka mmoja akasema siku hizi hakuna anayesoma, turekodi video. Wengine wakadakia, mara video ziwe fupi, mara tuanze na historia, kwamba R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman pale Auckland miaka ya 90, na mimi hiyo historia naipenda sana ila haimsaidii mtu ambaye faili lake limegoma kufunguka.

Nikaomba kitu kimoja. Nikasema Prof, kabla hatujagawana kazi tumwite mtumiaji mmoja tumwangalie tu anavyofanya. Mimi ndiye nilikuwa najibu meseji za watu wakikwama, na karibu zote hazikuhusu chochote kilichokuwa kwenye ile orodha, watu walikuwa wanakwama mlangoni kabisa. Prof akafikiri kidogo akasema haya, mwite.

Akaja dada mmoja wa uzamivu, na laptopu yake na faili lake mwenyewe, hilo nililisisitiza kwa sababu data za mfano huwa zimeshasafishwa na hazikwamishi mtu. Tukakubaliana hakuna kumsaidia, hakuna kugusa kibodi, na yeye aseme kwa sauti kila anachowaza.

Akafungua R, akaenda kwenye folda yake, akakopi njia ya faili kutoka Windows, akaipesti ndani ya read.csv, ile amri ya R ya kusoma faili la jedwali, akabonyeza Enter. R ikamrushia maneno mekundu, eti '\U' imetumika bila tarakimu za heksa. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kusikia habari za heksa. Kumbe shida yenyewe ni ndogo, njia za Windows zinatumia mkwaju wa kurudi nyuma, C:\Users na kuendelea, na R ikiuona mkwaju huo ndani ya alama za nukuu inajua inaletewa herufi maalumu, kwa hiyo ikifika \U inasubiri namba ya herufi ya Unicode (orodha ya namba za herufi zote), haiioni, inagoma. Geuza mikwaju iwe / au iandike miwili miwili, basi, kazi inaendelea. Lakini nani alimwambia?

Kaka wa video alishanyanyuka aende kumwonyesha, nikamshika mkono, kaka tulia kwanza. Yule dada akasema taratibu, "Labda niliiinstoli vibaya," akaanza kutafuta namna ya kuitoa R yote aiweke upya. Iliniuma sana ile, maana huyu ni mtu makini, ana vipimo vya miezi na miezi, na programu imemfanya aone tatizo ni yeye.

Tukamvusha hapo. Faili likafunguka, jedwali lote likaingia kwenye safu moja. Laptopu yake ilikuwa imesetiwa kwa mpangilio wa zile nchi zinazoandika desimali kwa mkato, na Excel ikiwa hivyo inatenganisha safu za faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, kwa nukta mkato, wakati read.csv inategemea mkato, alitakiwa atumie read.csv2. Na safari hii R haikulalamika hata kidogo! Mimi hili naliogopa kuliko yale maneno mekundu, kwa sababu mtu anasonga mbele akidhani mambo yako sawa. Mpaka hapo fanksheni za pakeji yetu hajagusa hata moja.

Prof alikuwa kimya muda wote. Akamuuliza, "Mwanangu, hebu niambie, mwisho wa yote wewe ulikuwa unataka upate nini?"

"Grafu moja tu Prof. Nina makundi mawili, nataka nione kama yanatofautiana kweli, nipate na namba ya kuandika kwenye tasnifu."

Prof akaichukua orodha yake, akaigeuza upande usio na maandishi, akaandika hayo maneno juu kabisa. Kuanzia hapo kikao kikawa kingine. Tukapanga tukitokea mwisho, njia ambayo walimu wanaijua vizuri tangu wataalamu wa elimu Wiggins na McTighe waiandikie kitabu 1998: kwanza mtu aweze kufanya nini, halafu utajuaje kwamba ameweza, ndio baadaye uamue unamfundisha nini. Grafu ya makundi mawili ikawa somo la kwanza, na kila kisichomsaidia mtu kuifikia grafu hiyo kikatolewa. Kilitoka kingi, na kuna watu walinuna.

Orodha ya Prof hatukuitupa, ingekuwa dhambi. Daniele Procida, mtaalamu wa maandishi ya programu, anagawa maandishi ya programu mafungu manne, kuna somo la kumshika mgeni mkono, kuna maelekezo ya kazi fulani, kuna rejea, kuna maelezo ya kwa nini mambo yako hivyo. Orodha ile ilikuwa rejea safi kabisa, ya mtu anayejua anachotafuta, tukaiweka kwenye fungu lake na Prof akaridhika.

Tulipobishana sana ni kwenye data za mfano. Wengi walitaka iris, yale maua 150 ya spishi tatu ambayo mwanatakwimu Fisher aliyatumia kwenye makala yake ya 1936, kwa sababu yamo ndani ya R tayari na hayasumbui. Nikasema hapo hapo ndipo tatizo lilipo, hayasumbui! Tukatengeneza faili chafu kwa makusudi, lenye nukta mkato, seli tupu, na tarehe zilizoandikwa kila mtu na mtindo wake. Tarehe za Excel sio jambo la kuchekea, mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza majina mapya kwa jeni kama MARCH1 na SEPT1 kwa sababu Excel ilikuwa inazigeuza kuwa tarehe.

Video tukabakiza chache fupi, za kuinstoli tu, maana toleo likibadilika video nzima unairekodi upya, na mistari ya skripti huwezi kuikopi kutoka kwenye video. Kwa warsha zenyewe tukachukua utaratibu wa Software Carpentry, ule mradi ulioanzishwa 1998, kila mshiriki anapewa karatasi za kubandika za rangi mbili, moja ya kusema niko sawa na nyingine ya kusema nimekwama, anabandika kwenye laptopu bila kunyanyua mkono mbele za watu.

Swali la nani atayatunza masomo likaja jioni watu wamechoka, lakini nililing'ang'ania. R 4.0.0 ilipotoka 2020 ilibadilisha chaguo-msingi la stringsAsFactors, ikaacha kugeuza maandishi kuwa faktori (data za makundi) yenyewe, na masomo mengi ya zamani yakaanza kutoa majibu tofauti na yaliyoandikwa. Tukakubaliana kila somo liandikwe juu limejaribiwa kwa toleo gani, skripti zote ziendeshwe upya R mpya ikitoka, na kila somo liwe na mtu wake.

Rasimu ya somo la kwanza tulimpa yule dada aitumie kabla ya mtu mwingine yeyote. Grafu yake aliipata, ila kabla ya hapo alituandikia: "Hapa mmesema weka faili kwenye folda ya mradi. Folda ya mradi ni ipi?" Tukaandika ukurasa mzima wa folda, wenye picha, tukauweka mbele ya mengine yote.