Mbuzi za nazi: jigsoo imeacha kukata mshazari, kumbe ni rola

Wakuu, jigsoo yangu (ule msumeno wa umeme wa mkononi, bledi inapanda na kushuka) imekubali. Nimekata mninga wa inchi moja na nusu, nikageuza kipande, mstari wa juu na wa chini vinalingana, skwea imelala na mwanga haupiti. Na tatizo halikuwa kule ambako kila mtu alikuwa ananiambia niangalie.

Nakumbusha tu, mradi ni mbuzi za nazi za kukunja, zile za mbao mbili zinazopishana kwa pini. Ubao mmoja una tundu refu, mwenzake unapita ndani yake, sasa tundu likikatwa mshazari juu linalegea chini linabana, mbuzi haikunjiki mpaka uipige nyundo. Kwenye plaiwudi nyembamba huoni shida, ila mninga mnene, tena kwenye kona, juu uko kwenye mstari wa penseli na chini umekimbia karibu milimita 3. Randa haiingii mle, unabaki na tupa na patasi jioni nzima, inakera mno.

Ukiuliza, jibu ni moja, kaza kitako, yaani lile bati la chini la mashine linalokaa juu ya mbao. Sawa, nikaanza nacho. Cha kwangu ni cha bati la kukunja siyo alumini, na alama yake ya sifuri haiaminiki, kwa hiyo unalegeza bolti, unaegesha skwea ndogo kwenye bledi, unakaza. Skwea yenyewe ipime kwanza: chora mstari, igeuze, chora tena palepale, mistari ikiachana itupe. Kitako kikakaa 90 safi, nikakata, bado mshazari.

Ila mshazari wenyewe ulikuwa unahama, na hapo ndo jibu lilipo. Kitako kikiwa kimeinama, mshazari unaenda upande mmoja wa mashine siku zote, digrii zilezile, mbao iwe nene au nyembamba. Wangu kona ya kulia unatoka huku, ya kushoto kule, ukisukuma kwa nguvu unazidi, ukikutana na nyuzi zinazokatiza unazifuata. Hiyo ni bledi inapinda ikiwa kazini. Na ndo maumbile yake, maana jigsoo ya mkononi ilianzia kwenye cherehani, mwaka 1946 Albert Kaufmann wa kampuni ya Scintilla kule Uswisi alifunga bledi mahali pa sindano. Imeshikwa juu, chini inaning'inia, kinachoizuia isiyumbe ni karola kadogo nyuma yake, basi.

Nikakashika kale karola kwa kucha, kanacheza kushoto kulia kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Pini imelika upande mmoja, mfereji wa rola anamokaa mgongo wa bledi umepanuka, bledi ina unene wa milimita 1.25 na venia (kipimo cha unene) inasoma mfereji 2 na ushee! Vumbi la mninga limeshikana na grisi mpaka rola haizunguki, inasagika tu.

Nilikata washa kwenye kopo la soda kuzuia rola isicheze, zilisaidia kidogo zikalika. Beringi ndogo ya namba 623 niliyoweka badala ya rola inazunguka vizuri sana lakini haina mfereji, bledi inateleza pembeni inavyotaka. Mwisho nikaenda kwa fundi wa leti (mashine ya kuchonga chuma) pale Gerezani, Dar, akanichongea rola ya chuma kigumu, mfereji unaozidi bledi kidogo tu, pini tukaitoa kwenye mguu wa biti ya drili iliyokatika, milimita 4. Ukiifunga, rola iguse mgongo wa bledi bila kuisukuma mbele, uweze kuizungusha kwa kidole. Grisi sipaki tena, inavuta vumbi, natia tone la mafuta ya cherehani.

Mistari iliyonyooka sasa ni safi kabisa, kona kali inabaki kama milimita moja na hiyo naikubali. Obito (swichi inayoitupa bledi mbele na nyuma) iwe sifuri, usisukume. Bledi, kwa namba za Bosch, T144D inakimbia ila meno yamepanuliwa na inachana, T101B ni tamu kwa mbao nyembamba, kwa kazi hii T144DP ndo yenyewe, mwili mnene, inagoma kona ndogo lakini haiyumbi.

Nilipanga wiki hii nimalize vikalio, ila wakati naifunga rola likanijia wazo lingine: jigsoo igeuzwe chini ya meza, bledi itokeze juu, halafu mkono wa chuma juu yake wenye zile 623 mbili zikiibana bledi kushoto na kulia. Hapo inashikwa pande zote mbili, itapindia wapi? Plaiwudi ya 18 ya meza nimeshaikata, vikalio vitasubiri. Natafuta T344D, ya milimita 152, maana hii ya 100 ukitoa mguu wake, ukatoa 18 za meza na 38 za mninga, hakibaki kipande cha kutosha kushikwa na beringi juu.