Siku ya kumi na Magic 3

Jumapili, 24 Septemba 2023

Asubuhi ya leo nimezima simu, nikavaa hedfoni na kuisikiliza Magic 3, albamu mpya ya rapa Mmarekani Nas, tangu mwanzo hadi mwisho, mara mbili, bila kuruka wimbo. Ni siku ya kumi tangu itoke. Wengi niliokuwa nao usiku ule wa kwanza wameshahamia kwingine, na hilo ndilo linalonikera hata nimekaa kuandika.

Nas aliiachia tarehe 14, siku aliyotimiza miaka 50. Nyimbo 15, prodyuza wake Hit-Boy akiwa kwenye mitambo kama kawaida, na wenyewe wamesema safari yao ya pamoja inaishia hapa. Sisi marafiki tuna kawaida ya kusikiliza albamu mpya kwa wakati mmoja, kila mtu kwake, huku tukiandikiana. Usiku ule wimbo wa nne haujaisha, hukumu zikaanza kumiminika. "Ni yaleyale." "Kali, ila tumeshiba." Mmoja wetu, ambaye sikio lake naliheshimu kuliko langu, aliahidi kuirudia wikiendi kwa utulivu. Jana nikamuuliza. Hajairudia.

Tumeshiba. Neno hilo limekuwa likinizunguka kichwani, kwa sababu nakumbuka vizuri tulivyokuwa na njaa. Life Is Good ilitoka 2012. Baada yake tulikaa miaka sita tukisubiri albamu nyingine, na Nasir ilipokuja 2018 ilikuwa na nyimbo saba tu, Kanye West akiwa prodyuza, na wahakiki wengi wakaipokea kwa shingo upande. Na muda wote huo kilio cha mashabiki, mimi nikiwemo, kilikuwa kilekile cha miaka nenda rudi: mistari anayo, biti hajui kuchagua. Tulitamani apate prodyuza mmoja wa kukaa naye chini, amjue, amkatalie inapobidi.

Akampata. Tena kijana wa 1987, ambaye Illmatic, albamu ya kwanza ya Nas, inatoka Aprili 1994 alikuwa hajatimiza miaka saba. King's Disease ikaja Agosti 2020 na kumpa Grammy yake ya kwanza, baada ya kuteuliwa mara nyingi na kurudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka mmoja baadaye ikafuata ya pili. Magic ikatua mkesha wa Krismasi bila taarifa ya maana. King's Disease III Novemba 2022, Magic 2 Julai mwaka huu, na sasa hii. Albamu sita katika miaka mitatu na wiki chache. Tulichokiomba tumepewa, kikaongezwa, kikaongezwa tena, na sasa tunalalamika kwamba meza imejaa.

Na mimi nilikuwa kwenye kundi hilo. Magic 2 ilipotoka niliisikiliza nikiwa nafanya mambo mengine, nikaandika "ya kawaida" na kuendelea na shughuli zangu. Baadhi ya niliyosema bado nayaamini: ni nyepesi kuliko dada zake. Lakini sikuwa na haki ya kulisema lile neno siku ileile, nikiwa nimeisikia kwa sikio moja.

Wahakiki wa kulipwa wamekuwa waungwana zaidi kuliko mashabiki, hilo niwape. Wengi wameipokea Magic 3 vizuri. Wanaosema ngoma za Hit-Boy zimeanza kufanana wana hoja, kuna mahali nilidhani nimerudi wimbo uliopita. Na viitikio havijawahi kuwa nguvu ya Nas, vya humu pia vingine vinapwaya. Ninachokataa ni ule mwanzo wao. Sijasoma uhakiki hata mmoja wa albamu hii ambao haukuanza, au haukumaliza, na Illmatic. Mtu ana miaka 50 na bado anapimwa kwa kazi aliyoitoa akiwa na 20.

Tena Illmatic yenyewe hatukuipokea kama tunavyosimuliana leo. Jarida la hip hop la The Source liliipa maiki tano, alama yake ya juu kabisa, ndiyo, lakini sokoni ilifika namba 12 tu kwenye chati ya Billboard, na ilipata platinamu, yaani mauzo ya nakala milioni moja Marekani, mwaka 2001, miaka saba baadaye. Ilipewa muda. Watu waliizoea polepole, kanda kwa kanda, mpaka ikawa ile tunayoinamia vichwa.

It Was Written, albamu yake ya pili, ndiyo inayonigusa zaidi, maana niliipata kwa kaka yangu. Ilitoka 1996, ikaingia moja kwa moja namba moja, na wapenzi wa Illmatic wakasema jamaa ameuza roho: biti za maprodyuza Trackmasters zinang'aa mno, mavazi ya kitajiri, redio imemlevya. Kaka hakuwa na habari na maneno hayo. Alikuwa na kanda iliyonakiliwa, yenye mlio kama wa mafuta yanayokaangwa nyuma ya kila wimbo, na alikuwa akiirudisha nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri. Siku moja akanikalisha, akaweka I Gave You Power, akawa anaisimamisha kila baada ya mistari michache.

"Dogo, nani anaongea hapo?"

"Nas."

"Sikiliza tena."

Nilisikiliza tena na tena. Kumbe anayeongea ni bunduki. Imechoka kuua, na siku mwenye nayo anapoihitaji kuliko siku zote inakataa kwa makusudi kutoa risasi, jamaa anakufa, na kabla haijafurahia uhuru wake mkono mwingine unaiokota. Kaka alinyamaza kabisa hadi wimbo ulipoisha. Hiyo ndiyo albamu iliyoambiwa imeuza roho. Leo ni watu wangapi wanaiweka juu ya Illmatic kabisa? Wapo wengi, na wanabishana kwa jasho.

Ndiyo maana Novemba iliyopita, rapa kijana 21 Savage aliposema Nas hana tena uzito wa sasa, kwamba alichonacho ni mashabiki waaminifu na uwezo wa kutoa muziki mzuri, sikukasirika kama wenzangu. Nilijiuliza kitu kingine: ikiwa mtu anatoa muziki mzuri na ana watu waaminifu wa kuusikiliza, amepungukiwa nini? Siku chache baadaye wawili hao wakaachia wimbo One Mic, One Gun pamoja, bifu likafa kabla halijazaliwa. Nilipenda sana hilo.

Na kuna sehemu moja kwenye wimbo Thun, ndani ya King's Disease III, ninayoirudia kila wiki. Anasimulia kwamba yuko garini anachambua mistari ya Takeover, ule wimbo ambao rapa mwenzake Jay-Z alimvua nguo kwa maneno mwaka 2001, na kwamba mara nyingine humtumia Jay-Z ujumbe kumwambia bado hawajamalizana, huku anacheka. Ni mistari michache tu. Lakini ukikumbuka jinsi bifu lile lilivyogawa watu, na Ether, wimbo wa Nas wa kumjibu uliofuata, utajua kwamba hakuna kijana wa miaka 20 anayeweza kuandika kitu hicho. Kinahitaji mtu aliyegombana, akapatana, akazeeka kidogo na mwenzake. Mhakiki akinipeleka tena Illmatic namuuliza: kule kuna kicheko hiki?

Hip hop inamzidi Nas mwezi mmoja na siku tatu tu, ukihesabu kuanzia ile sherehe ya DJ Kool Herc kule Bronx, New York, 11 Agosti 1973. Mwezi uliopita alikuwa Yankee Stadium kuadhimisha miaka 50 ya huu muziki, na mwezi huu akaadhimisha yake kwa kuingia kazini. Nikitafuta mwingine aliyefanya kazi nyingi hivi, za kiwango hiki, akiwa na umri huo, simpati.

Kwenye kundi letu sijarudisha mjadala, maana wameshaingia kwenye albamu nyingine iliyotoka juzi. Nilimtumia kaka. Siku hizi hasikilizi rap sana, watoto wamemjaa na kazi ni nyingi, ila aliniahidi ataiweka garini. Mchana nilimpigia.

"Umeshaisikiliza, kaka?"

"Niko wimbo wa sita."

"Tangu Jumatano?"

"Dogo, naurudia. Usiniulize chochote kwanza."