Beseni la ndege linataka brashi

Huku Entebbe jua la Januari limekaza, na beseni la udongo nililoweka bustanini halikosi wageni: njiwa, shomoro, chozi, shore. Wanakunywa humo humo wanamooga na kunya, kwa hiyo maji hayakawii kuchafuka. Ukipitisha kidole ukingoni unakuta utelezi wa kijani. Huo ni mwani, na kumwaga maji peke yake hakuutoi. Mimi nasugua kwa brashi ngumu na siki iliyochanganywa na maji, sehemu 1 kwa 9, nasuuza mpaka harufu iishe, halafu naliacha likauke juani ndipo nijaze. Sabuni hapana, jamani! Mabaki yake huondoa mafuta yanayokinga manyoya ya ndege yasilowe. Kina kisizidi sentimita 5, ndege wadogo wasije wakazama.

Na mbu je? Yai huchukua wiki moja hivi au zaidi kuwa mbu anayeruka, na malaria sisi tunaijua. Ukibadilisha maji kila baada ya siku 2, viluwiluwi hawapati muda wa kukua.

Leo shore mmoja hakungoja hata nimalize kumimina, katua na kunirushia maji usoni. Nimefurahi mno! Wa Jinja na Arua, kwenu wanakuja ndege gani?