Njoo na Tovuti Yako Mbovu

Mabango 200 yalitoka kwa mpiga chapa wa River Road Ijumaa jioni, yakinuka wino mbichi. Niliyapakata ndani ya matatu safari nzima ili yasikunjike. Ilikuwa Januari 2011. Tulikuwa watatu: mimi mbunifu wa tovuti, mwenzangu mtunga programu, na dada mmoja aliyetushikia hesabu, ambaye shilingi haikumtoka mkononi bila kuulizwa inakoenda. Tulikuwa tumekodi ukumbi wa ghorofa ya pili Hurlingham, Nairobi, kwa Jumamosi moja ya Februari. Viti 40, kiingilio shilingi 500. Nusu ya kodi tulishailipa kutoka mifukoni mwetu. Nusu iliyobaki ilitegemea viti hivyo.

Kwenye mabango tuliandika kwa herufi kubwa: WARSHA YA VITENDO KWA WABUNIFU WA TOVUTI, WATUNGA PROGRAMU NA KAMPUNI CHANGA. Chini yake tukapanga majina ya mambo yote tuliyotaka kufundisha, HTML5 na CSS3, lugha za kujengea na kupamba kurasa za tovuti, na mengineyo, kwa rangi ya buluu na chungwa. Niliyachora mwenyewe usiku tatu na niliyapenda sana.

Aliyekuwa Nairobi miaka ile atakumbuka hali ilivyokuwa. M-Pesa ilikuwa imeanza 2007. Ushahidi, tovuti ya kukusanya taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi, ilikuwa imezaliwa katikati ya machafuko ya mwanzoni mwa 2008. Waya wa intaneti wa SEACOM ulikuwa umepita chini ya bahari hadi Mombasa na kuanza kazi Julai 2009, na Machi 2010 iHub, mahali pa kukutania watu wa teknolojia, ikafunguliwa Bishop Magua Centre, Ngong Road. Ukipanda ngazi za jengo lile ulikuta vijana wameinamia kompyuta kuanzia asubuhi hadi usiku, kila mmoja na wazo la kampuni kichwani. Nami niliamini kwamba jambo kubwa lilikuwa linaanzia pale, na kwamba nililiona kwa macho yangu.

Kilichonikosesha usingizi ni kwamba tovuti tulizotengeneza Nairobi hazikufunguka vizuri kwenye simu za Nairobi. Tulizichora kwa upana wa pikseli 960, yaani vinukta vinavyounda picha kwenye kioo, kwa vioo vikubwa vya ofisini, huku mteja mwenyewe ameketi kwenye kiti cha nyuma cha matatu na Nokia ya vitufe mkononi. Wengi waliokolewa na Opera Mini, kwa sababu kivinjari hicho kilipitisha ukurasa kwenye mitambo yake kwanza, kikaubana, ndipo kikauleta kwenye simu ukiwa mwepesi. Lakini aliyetumia kivinjari kilichokuja na simu alipokea mzigo wote, na kila megabaiti ilikuwa pesa yake. Mei 2010 Mmarekani Ethan Marcotte alikuwa ameandika juu ya ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na kioo kilichoufungua: vipimo vya asilimia badala ya pikseli, picha zinazonywea, na kanuni chache za kuuambia ukurasa ufanye nini kioo kikiwa chembamba. Tulijifunza mbinu hiyo usiku, tukikosea na kurudia, na tukataka kuketi na wenzetu tuifanye pamoja.

Basi nikabandika mabango. Wiki mbili baadaye walikuwa wamejiandikisha watu sita, na watatu kati yao walikuwa marafiki zetu.

Nilielewa kosa nikiwa Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mbele ya ubao wa matangazo. Nilikuwa nabandika bango langu kati ya tangazo la chumba cha kupanga na la kitambulisho kilichopotea. Msichana mmoja mwanafunzi akasimama kando yangu, akalisoma lote hadi chini.

"Kaka, hii warsha ni ya shirika gani?"

"Si ya shirika. Ni yetu tu."

"Kuna cheti?"

"Hakuna."

"Sawa," akasema kwa adabu, akaenda zake.

Sikumlaumu. Katika mji wetu neno warsha lilikuwa limeshapata maana yake. Warsha ilikuwa hotelini. Mtu alisimama mbele na kuonyesha slaidi ukutani, saa nne kukawa na chai na sambusa, na jioni ukatia sahihi, ukachukua nauli yako ndani ya bahasha na cheti cha kuweka kwenye faili. Watu walikwenda kwa nia njema na wengine walifaidika. Lakini sisi hatukuwa na bahasha, na tulikuwa tunamwomba mtu atoe 500 yake. Hata kuongeza "ya vitendo" hakukusaidia, maana maneno hayo yalikuwa kwenye kila bango la kila semina.

Jumamosi iliyofuata nilitumwa Kamukunji, kwa mafundi wa bati. Mdogo wangu alikuwa anaingia kidato cha kwanza na alihitaji sanduku la bati, na mjomba wangu ndiyo kazi yake pale, kuyagonga masanduku. Msimu ule wa shule zinapofunguliwa Kamukunji husikika kabla hujaiona. Nyundo mamia zinagonga bati kwa wakati mmoja hadi unazisikia kifuani. Mjomba aliwahi kufanya kazi kwenye karakana ya reli, na neno hilo hakuliacha huko. Kile kibanda chake cha mabati, chenye meza moja na chuma cha kufulia bati, yeye alikiita karakana, na hakuna aliyembishia.

Nilipokuwa nasubiri akaja mama mmoja na sanduku kuukuu, bawaba imeng'oka. Mjomba hakumsalimu kwa maneno mengi. "Imevunjikia wapi, mama?" Mama akamwonyesha. Mjomba akaligeuza, akatoboa tundu la kwanza, kisha akampa nyundo kijana aliyekuwa akijifunza kwake. Kijana akatoboa la pili, likaenda upande. Mjomba akamshika kiwiko, akakishusha kidogo, akaondoa mkono wake. La tatu likakaa sawa. Mama akalipa, akabeba sanduku lake linalofunga.

Nilisimama pale na sanduku jipya la mdogo wangu miguuni nikawaza: hiki ndicho tunachotaka kufanya Hurlingham, chote kama kilivyo. Mtu aje na kitu kilichovunjika, aulizwe kimevunjikia wapi, apewe nyundo. Kwenye bango langu la rangi mbili hapakuwa na neno hata moja la kumwambia hivyo.

Nikiwa kwenye matatu ya kurudi, sanduku mapajani, niliandika nyuma ya risiti: KARAKANA YA TOVUTI. NJOO NA TOVUTI YAKO MBOVU. UTAITENGENEZA HAPA, KWA MKONO WAKO.

Wenzangu hawakulipokea kwa vigelegele. Mtunga programu alisema watu watadhani tunatengeneza magari. Pingamizi la dada wa hesabu lilikuwa zito zaidi: "Nani atakubali kwamba tovuti yake ni mbovu? Aliyeijenga anaiona ni nzuri." Tulibishana hadi usiku, na swali hilo lake ndilo lililotuokoa. Kama mwenye tovuti haoni ubovu, tangazo halitamwonyesha. Ni lazima auone mwenyewe, kwenye simu yake, na sisi tukiwa karibu.

Hatukuwa na pesa za mabango mengine. Tulitoa fotokopi nyeusi na nyeupe, nne kwa ukurasa mmoja, tukazikata kwa wembe. Tukagawana mji kwa siku nane. Mimi na mwenzangu tukashika Ngong Road na Moi Avenue, tukiwa na laptopu moja na Nokia mbili.

Siku ninayoikumbuka vizuri kuliko zote tulikuwa kwenye kibanda cha chakula si mbali na Bishop Magua, mahali walipokula wengi wa vijana wale. Tuliketi na wawili waliokuwa wanaanzisha biashara ya kuuza viatu vya mitumba kwa njia ya tovuti. Walikuwa wamefanya kazi ya dhati. Walipiga picha kila jozi wenyewe, wakaipanga kwa ukubwa na kwa bei. Mwenzangu akawapa Nokia: "Hebu ifungueni hapa, bila Opera."

Wakaandika anwani. Tukangoja. Chapati zikaletwa na madondo yake. Tulifika nusu ya sahani kabla picha ya kwanza haijakamilika, na ilipotokea ilikuwa kona moja tu ya kiatu, kisigino na kipande cha kamba. Hakuna aliyesema neno. Mmoja wao aliiweka simu mezani polepole, akaitazama.

Ningeweza kuanza kuhubiri pale. Nashukuru mwenzangu alikuwa na busara kuliko mimi. Alifungua laptopu, akawaonyesha kwamba picha ile ilipakiwa kama ilivyotoka kwenye kamera, pikseli zaidi ya 3,000 kwa upana, ilhali kwenye ukurasa ilionekana kwa 200. Simu ililazimika kuivuta yote ndipo iikunje. Akaipunguza, akaipakia tena, wakafungua upya. Kiatu kizima kikatokea.

"Umefanyaje hapo?"

Akawasukumia laptopu. "Ya pili fanyeni nyinyi."

Waliifanya ya pili huku akiwatazama. Ya tatu waliifanya tukiwa tunalipa chakula. Kisha yule aliyenyamaza muda wote akauliza, "Hiyo Jumamosi ni wapi?" Nikampa kikaratasi. Hatukuwa tumevuka barabara kabla dada wa hesabu hajapiga simu kuuliza ni nani huyo ametuma 1,000 kwa M-Pesa bila maelezo.

Ikawa hivyo karibu kila mahali. Hatukumwambia mtu njoo ujifunze CSS3. Tulimwomba afungue kazi yake, tukatengeneza kipande kimoja tu, tukamwachia kilichobaki. Kuna waliokasirika, na nawaelewa, kwa sababu kuona kazi ya miezi ikikatika katikati kwenye kioo kidogo kunauma. Mwenye saibakafe mmoja wa Moi Avenue alitufukuza asubuhi, akatuita jioni. Kufikia Alhamisi viti 40 vilikuwa vimejaa, nasi tukaazima viti sita vya plastiki.

Jumamosi yenyewe sitaieleza yote. Saa nne na robo stima ilipotea. Nilihisi tumbo likinivuta. Lakini usiku uliotangulia tulikuwa tumeweka kila kitu kwenye flashi, programu na mafaili ya mazoezi, hivyo hakuna aliyehitaji intaneti kufanya kazi. Wenye betri nzuri wakakaa na wasio na betri, wawili wawili, watatu watatu, wakasogeza meza madirishani. Nadhani ukumbi ulichangamka zaidi kuliko kama taa zingewaka. Alikuwepo mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, amekuja na mpwa wake aliyemjengea tovuti, na mpwa alipokosea mzee alikuwa wa kwanza kuona. Walikuwepo wale wa viatu. Wakati mmoja niliinua macho nikaona hakuna hata mtu mmoja anayenitazama mimi niliyesimama mbele. Wote walikuwa wameinamia kazi zao, na sauti iliyojaa ukumbini ilikuwa ya vidole kwenye vibodi na watu wakiulizana "kwako imekaa?"

Na yule mwanafunzi wa Chiromo alikuja. Mwenzake alikuwa amepata kikaratasi chetu kantini. Hakunitambua, au hakusema. Alikuwa na tovuti aliyoitengenezea kwaya ya kanisa lao, yenye picha moja kubwa juu kabisa ya waimbaji wamesimama safu moja, mavazi meupe. Kwenye laptopu ilipendeza. Kwenye simu safu ilikatika katikati na kuonyesha waimbaji wa kushoto tu. Alihangaika nayo tangu saa saba mchana. Mara ya kwanza picha ilivutika, watu wakawa warefu kama nguzo. Mara ya pili ilipotea kabisa. Nilipita pale mara mbili nikitaka kumwandikia mstari ule mmoja uliokosekana, na mara mbili nikajizuia. Nilimwonyesha tu mahali pa kutazama.

Saa kumi na moja na nusu stima ikarudi, na askari wa jengo akapanda kutuambia anafunga. Watu wakaanza kukusanya nyaya. Yule mwanafunzi akaomba dakika tano. Dada wa hesabu akashuka kuzungumza na askari, naye alijua kuzungumza, zikawa dakika ishirini.

Kisha mwanafunzi akaniita. Akanipa simu yake, Nokia ndogo yenye ufa kwenye kona. Ukurasa ulikuwa unafunguka, mstari baada ya mstari kutoka juu. Picha ikashuka yote, safu nzima ya kwaya imeenea kwenye kioo kisichozidi upana wa vidole vitatu, nyuso ndogo lakini kila mtu yupo.

"Huyu wa mwisho kulia," akasema, akigusa kioo kwa ukucha, "mwenye miwani, ni mama yangu. Alikuwa haonekani."

Askari akazima taa za nyuma.